Rom Haionekani, Nawe Uko Roma

Kigango cha Kisambwa,
Kwa Hisani ya Misheni,
Matombo, Morogoro.
17 Februari 2003

Mheshimiwa Padre Gerardi,
Nyumba ya Mapadre Wastaafu,
Roma.

Baba Mpendwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ROM KUTOONEKANA NA MASHINE YAKO KUKATAA KUIGIZWA

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaziitikia zote mbili ukiwa hukohuko uliko, kwa hiyo naendelea bila kusubiri.

Mimi ni yuleyule Thobias Kobelo, karani wako wa miaka tisa, uliyekuwa ukiniita Thobias Vidole Viwili kwa jinsi ninavyopiga chapa. Vidole bado ni viwili na bado vina nguvu. Leo naandika kwa kalamu kwa sababu utakazoziona hapo chini, na naomba radhi mapema kwa ukali wa barua hii. Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza Regina, mke wangu, aliitia motoni akasema padre mzee haandikiwi maneno ya namna ile. Ya pili niliichoma mwenyewe. Hii unayoisoma ndiyo iliyopoa.

Kabla ya malalamiko, kisa chenyewe. Unamkumbuka Irene, binti wa marehemu dada yangu Anastasia, yule mtoto aliyekuwa akilala chini ya meza yetu ya kazi huku sisi tukibishana juu ya majina. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, anashona nguo, na amepata mchumba. Anaitwa Innocent, kijana wa Mkuyuni anayenunua mdalasini kwa wakulima na kuupeleka mjini. Wanapendana, Baba, na mimi nimeona wanaopendana na wanaojifanya. Harusi imepangwa Jumamosi tarehe 26 Aprili, wiki ya Pasaka. Mimi ndiye mjomba, na umekaa Uluguru miaka ya kutosha kujua kwamba mjomba akiwa na neno, hakuna mpishi anayewasha moto.

Neno lipo, ila si langu. Ni la Bibi Mwaisha wa Mkuyuni, bibi mzaa mama wa Innocent. Anasema aliwahi kusikia, akiwa msichana, kwamba mama yake yeye na bibi mzaa bibi yake Irene walitoka tombo moja, yaani walinyonya ziwa moja. Kama ni kweli, Irene na Innocent ni ukoo mmoja kwa upande wa kina mama, na ndoa hakuna. Bibi Mwaisha hana uhakika. Sisi pia hatuna. Waliokuwa na uhakika wote tumeshawazika.

Lakini wewe na mimi tuliwahi kuwauliza. Kuanzia mwaka 1987 tulizunguka vitongoji vyote, tukakaa jikoni kwa bibi mmoja baada ya mwingine, tukala magimbi mpaka ukavimbiwa, tukaandika nani kazaliwa na nani. Orodha ya Kina Mama, majina mia nne na kumi na mawili. Nakala ya karatasi ililowa mwaka wa mvua za El Nino, paa la ofisi lilipotoboka, na mchwa wakamalizia. Zimebaki flopi nne, zilizoandikwa na mashine yako, ile kompyuta ya ofisini, kwa lugha ambayo mashine yako tu ndiyo inaielewa. Bibi Mwaisha ametamka mbele ya watu wa pande zote mbili kwamba mashine ya Padre ikisema watoto hawa si ndugu, atatangulia yeye kucheza. Ikinyamaza, haendi mtu kanisani. Basi furaha ya mtoto wa dada yangu iko ndani ya flopi nne, na flopi zimefungwa mdomo. Sasa nalalamika.

1. Kwanza, nalalamika kwamba mwigaji hataki kuigiza. Mashine yako haijawaka tangu mwaka 1996, jambo ambalo nitalirudia kwenye namba sita kwa uchungu wake wote. Nilimwita Stambuli, fundi kompyuta wa Mkuyuni, kijana wa Kiislamu mwenye adabu, ambaye duka lake liko katika lile ghala la zamani la chama cha ushirika, ng'ambo ya wauza mitumba. Alipanda huku na kompyuta yake, nayo ni mtumba wa Dubai, kwenye pikapu iliyokuwa ikifuata ndizi. Aliiviringisha ndani ya godoro kama mgonjwa. Tukaiweka ofisini kwako kwa kuwa umeme wa kijito bado upo.

Ndani ya kompyuta hiyo ametia programu inayoitwa emuleta. Alinieleza kuwa emuleta maana yake ni mwigaji: inaifanya kompyuta mpya ijifanye kuwa ile ya zamani, ichukue tabia zake na isome flopi zake. Nilifurahi sana. Nilisema hatimaye amepatikana kijana anayetaka kufuata tabia za mzee. Tukaiwasha. Ikafungua kidirisha cheusi, ikawaza kidogo, ikaandika Kiingereza. Irene, ambaye alimaliza kidato cha nne, akatutafsiria kwa sauti: ROM HAIONEKANI. Halafu ikajifunga yenyewe. Tumeiwasha mara arobaini na moja na imejibu hivyo mara arobaini na moja. Hata mtoto anayeigiza Herode siku ya Krismasi huingia kwanza jukwaani ndipo asahau maneno.

2. Pili, nalalamika kutukanwa. Najua mashine imeandika Rom na siyo Roma. Nimeshazoea Wazungu kukata mikia ya maneno, na kidirisha chenyewe ni kidogo. Maana ilieleweka kwa wote waliokuwepo. Mimi ni Roma tangu nilipobatizwa mwaka 1942, mama yangu alikuwa Roma, na nilikuwa nimekaa mbele ya kioo hicho, pua yangu ikiwa umbali wa shubiri moja. Ikasema Roma haionekani.

Kwanza nilidhani ni mimi tu, kwa kuwa kuna Jumapili mbili za mwezi wa Desemba ambazo sikuhudhuria kwa sababu ya goti. Kwa hiyo nilimwita katekista Agustino. Haikumwona. Nikamwita Regina, ambaye hajakosa misa tangu aolewe. Haikumwona. Mwisho waliingia kina mama wa Wawata wakiwa na sare zao, vitenge vyenye picha ya Bikira Maria mgongoni, wakageuka ili mashine iione ile picha. Tulikuwa Waroma kumi na saba ndani ya chumba kile, joto limetushika, Eufrazia, mmoja wa kina mama hao, amekanyaga waya, na mashine ikaandika kwamba hakuna hata mmoja. Kina mama walitoka mmoja mmoja. Wawili hawajanisalimu hadi leo.

3. Tatu, namlalamikia fundi, ingawa hapa nitakuwa mkweli. Nilifikiri huenda mashine inamwonea haya Stambuli, kwa kuwa mwenye mashine ni Muislamu na haijazoea wageni wa upande wetu. Nilimwomba asubiri nje. Akatoka, akakaa chini ya mfenesi wako. Ndipo tulipogundua kwamba hakuna kati yetu anayejua kitufe cha kuiwashia. Nilikwenda kumwomba radhi na mkungu wa ndizi. Alicheka, akasema bibi yake mwenyewe alibatizwa hapahapa misheni kabla hajaolewa Mkuyuni, kwa hiyo mashine yake haina neno na mtu.

Kisha akaanza kunieleza Rom ni nini. Hapo nilimkatiza. Nilimwambia kwa upole kwamba mimi nimekuwa Mroma miaka sitini na moja, nimekuwa karani wa padre miaka tisa, na hakuna kijana wa miaka ishirini na saba atakayenifundisha Roma ni nini kwenye ofisi ya misheni. Alijaribu tena wakati wa chai, nikamkatiza tena. Alijaribu mara ya tatu akiwa na bisibisi mkononi, anataka kuifungua mashine yako, nikamwambia mashine ya Padre haifunguliwi na mtu. Naye ana ukaidi wake.

4. Nne, na hili ndilo lililonifanya nichome barua ya pili. Stambuli alishuka mjini Morogoro, akaingia kwenye duka la intaneti, akarudi siku ya pili na kitu ndani ya flopi. Akasema nimepata Rom nyingine, ya mashine za aina ileile. Sikupenda neno nyingine. Sisi tunajua Roma ni moja. Lakini nilimfikiria Irene, nikamwambia aiweke. Mashine ikawaza muda mrefu kuliko kawaida, ikaandika, na Irene akatafsiri kwa sauti ndogo: ROM SIYO SAHIHI.

Baba, maneno hayo yalisomwa mchana kweupe, madirisha wazi. Ndugu Ezekiel, tabibu wetu wa zahanati, ambaye unakumbuka ni Mlutheri, alikuwa anapita. Aliomba aingie aone. Akasoma mwenyewe mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akauliza kwa heshima kama Stambuli anaweza kumchapishia nakala moja. Tangu siku hiyo Ezekiel ni mtu wa furaha. Anatoa dawa huku anapiga mluzi. Nikipita pale ananiuliza habari za uzima wangu kwa namna ambayo sina la kushitaki, lakini naelewa.

5. Tano, naomba kulalamikia nyakati. Mashine yako uliileta mwaka ambao sukari ilitolewa kwa kibali, sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, na betri za redio tulizianika juani ili zijikaze. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu na juu yake mtu mmoja amelala. Hakuna kilichokuwepo, Baba, ila Rom ilikuwepo, maana mashine iliwaka kila asubuhi bila kuuliza.

Leo biashara ni huria. Mkuyuni kuna miswaki ya rangi sita, na mnara wa simu unaota mlimani. Mdalasini wetu unagombewa na wanunuzi wanne wanaonunuliana soda. Tuliambiwa milango ikifunguliwa kila kitu kitapatikana. Kimepatikana kila kitu. Rom ndiyo haionekani. Nimemuuliza mheshimiwa diwani swali hili kwenye mkutano wa hadhara, akaahidi kulifikisha ngazi za juu, na nikamuona akiandika ruumu, R, U, U, M, U.

6. Sita, sasa nakuja kwako wewe mwenyewe. Nimekaa siku tatu nikilipanga jambo hili kichwani, na limejipanga.

Mashine yako ilikufa siku uliyoondoka. Asubuhi ya siku ile, tarehe 14 Julai 1996, niliiwasha nikachapa hotuba yangu ya kukuaga. Iliwaka vizuri kama siku zote, na nilitumia kile kitufe chake cha ng' peke yake, ambacho sijakiona tena kwenye mashine yoyote duniani. Hotuba unaikumbuka. Nilisema mbele ya watu wote na mbele ya Baba Askofu kwamba unaondoka na moyo wetu, na tukakukabidhi ule msalaba wa mninga aliouchonga Tomasi seremala, wenye nakshi tulizozitia kwa mikono yetu. Ulilia. Mimi nililia zaidi, na wapo waliosema nimezidisha. Gari likakuchukua. Jioni nikarudi ofisini, nikaiwasha mashine ili niandike kumbukumbu za sherehe, ikawa kimya. Haikutoa hata mlio.

Niliwaambia watu kwamba imekufa kwa majonzi. Nimelisema hilo kwa miaka saba. Katekista Agustino analitumia katika mafundisho ya kipaimara, kwamba hata chuma kilimlilia Padre Gerardi, nanyi watoto mnashindwa kufika misa kwa sababu ya mvua. Kuna mtoto wa kule Mtamba amebatizwa Gerardi kwa sababu ya habari hiyo.

Basi tazama. Mashine ilikufa ulipoondoka. Uliondoka kwenda Roma. Sasa tunajaribu kuifufua, na jambo la kwanza inalouliza ni Roma. Mashine hii haina ndugu mwingine Roma, Baba. Haina biashara Roma. Inakutafuta wewe, na imesema mara arobaini na moja kwamba huonekani.

7. Saba, kutokana na hayo naomba yafuatayo yatendeke bila kuchelewa. Naomba uthibitishe kwa maandishi kwamba upo, na kwamba Roma nayo ipo mahali pake pa siku zote. Barua iwe na mhuri, kwa sababu Irene ataishikilia mbele ya kioo. Kama Roma imehamishwa, jambo ambalo katika zama hizi za ubinafsishaji sitalishangaa, naomba anwani mpya. Kama imeuzwa, naomba kujua mnunuzi ni nani na kama anatambua mikataba ya zamani. Kama ipo lakini siku hizi haionekani mpaka kwa kibali, niambie kibali kinatolewa dirisha gani, nitaleta picha mbili za pasipoti, Stambuli anapiga. Na kama yote haya hayawezekani, naomba usimame dirishani, uso kuelekea kusini, saa nne asubuhi kwa saa zetu, siku ya Jumatano. Tutaiwasha saa hiyohiyo. Mashine ikishindwa kukuona hata hapo, nitajua tatizo ni macho yake.

8. Nane. Hili halina uhusiano na kompyuta lakini nimeliweka kwa sababu namba saba si namba ya kuishia mtu mwenye uchungu. Umekaa kimya mno. Kwa miaka saba tumepata barua mbili na kadi moja ya Krismasi yenye picha ya theluji na sahihi yako, bila neno. Mdalasini ulioupanda nyuma ya jiko umevunwa mara mbili na hujui. Nilipomzika Anastasia nilikaa pale ofisini nikitazama kiti chako kwa muda mrefu, nikaona sina wa kumweleza, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika jina lake kwenye orodha, namba mia tatu na themanini, na ukanifanya nilirudie mara tatu ili uliandike sawasawa. Nilikuwa na hamu ya kusikia unakosea jina lake tena. Kwa hilo nalalamika rasmi.

Nitashukuru malalamiko haya yakishughulikiwa kwa uzito wake, kwa kuwa tarehe 26 Aprili haisogei. Irene ameacha kushona. Gauni lake mwenyewe liko kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Anasema hatashona mkono wa pili mpaka ajue. Innocent anapanda huku kila Jumapili, anakaa upande wa pili wa benchi, nafasi ya watu wawili katikati yao, ili wasije wakawa wamekosea. Hakuna aliyewaambia wakae hivyo. Ukiwaona hutaweza kula.

Regina anakusalimu na anauliza kama huko mnapata magimbi. Agustino anakusalimu. Tomasi seremala anakusalimu na anasema msalaba ukipasuka usiutie gundi ya dukani, umpelekee habari yeye. Kina mama kumi na mmoja wa Wawata wanakusalimu, wale wawili watakusalimu wakinisamehe. Stambuli anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Ezekiel anakusalimu kwa furaha kubwa, na naomba usimjibu.

Mimi niliye katika kukutafuta,

Thobias Kobelo
Karani (mstaafu, ila ufunguo wa ofisi bado ninao)

Nakala:
Paroko, kwa taarifa.
Bibi Mwaisha, Mkuyuni, asomewe taratibu.
Fundi Stambuli, ajue nilichosema juu yake.
Jalada.

Nyongeza, 20 Februari.

Baba, barua haikuondoka. Mvua imekata barabara chini ya Mkuyuni, pikapu haikushuka, na Stambuli amenasa hapa kwetu siku tatu, analala kwenye benchi la ofisi. Mtu ukimlisha siku tatu unalazimika kumsikiliza. Jana mchana, baada ya ugali, alinieleza Rom ni nini, na mdomo wangu ulikuwa umejaa, sikuweza kumkatiza.

Naandika haya kwa taabu. Rom si Roma. Rom ni kidude cheusi, kirefu kama kidole cha mtoto, chenye miguu ya chuma ishirini na minane, kumi na minne kila upande, kama tandu. Kinakaa ndani ya mashine na ndicho kinachokumbuka mashine ni nani na ifanye nini ikiamka. Mwigaji anataka kuchukua kumbukumbu ya kidude hicho ndipo aweze kuigiza. Stambuli anasema Rom ya intaneti ilikataliwa kwa sababu ya kwako haikuwa ya kawaida, ilitengenezwa maalumu, na akaniuliza kama mashine hii ilikuwa na kitu chochote ambacho mashine nyingine hazina. Nikasema kitufe cha ng'. Nikakumbuka uliniambia kaka yako, fundi wa umeme kule kwenu, ndiye aliyekutengenezea ili tusipate shida na majina ya bibi zetu.

Nikamruhusu aifungue mashine. Ndani kulikuwa na vidude vyeusi vingi, vimepangwa safu safu, na katikati nafasi moja tupu yenye vitundu ishirini na vinane. Stambuli akasema, mzee, kuna mtu ameing'oa.

Baba, ni mimi. Asubuhi ile ya tarehe 14 Julai, nilipomaliza kuchapa hotuba, niliona haitoshi kusema tu kwamba unaondoka na moyo wetu. Nilitaka uondoke na kitu cha mashine yenyewe. Nikaifungua kwa kisu cha mezani. Nikaona vidude vile, vingi, nikafikiri nikichuma kimoja havitapungua. Nikachagua kilichokuwa na kipande cha karatasi juu yake, chenye mwandiko unaofanana na wako, kwa sababu kilipendeza kuliko vyote. Nikakipeleka kwa Tomasi, akakipachika kwenye msalaba wa mninga, chini kabisa, pale miguu inapokaa. Hiyo ndiyo nakshi.

Kwa hiyo mashine haikufa kwa majonzi. Niliiua mwenyewe nikiwa nalia. Sijui nimwambie nini Agustino, na yule mtoto wa Mtamba ameshazoea jina.

Malalamiko namba moja mpaka namba saba nayafuta, na utaona nimeyapiga mstari kwa rula. Mashine ilisema kweli tangu siku ya kwanza. Rom haionekani huku kwa sababu iko Roma, nami ndiye niliyeituma. Namba nane sijaipiga mstari.

Stambuli anasema kidude hicho hakiharibiki upesi, na ana rafiki mjini mwenye chombo cha kukisomea. Tomasi anasema kitatoka ukikisukuma kwa nyuma taratibu na kijiti, usitumie kisu. Tulikuwa tukuombe ukitie kwenye bahasha. Lakini leo asubuhi Bibi Mwaisha ameleta ujumbe kwa mguu, kupitia kwa Innocent, aliyevuka maji mpaka kiunoni. Anasema amefikiri, na hatakubali orodha isomwe na Thobias, kwa kuwa Thobias ni mjomba wa binti na mjomba anaweza kuruka mstari. Aisome Padre mwenyewe, aliyeiandika.

Irene aliposikia aliniuliza una umri gani sasa. Nikamwambia sabini na tisa. Akasema, basi tumwambie tutamsubiri, hata ikipita Pasaka. Halafu akaenda kwenye cherehani. Nimeusikia mkono wa pili ukishonwa wakati naandika haya.

Usikitume kwa posta, Baba, kilete mwenyewe. Nitakuwa Mikese, pale mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanaposimama, kuanzia Jumatatu ya Pasaka asubuhi. Nitakaa hapo mpaka uonekane.

T. K.